Kulala vizuri chuoni: mwongozo wa wiki nne kwa mwanafunzi aliyeelemewa

Saa 8 usiku, wiki ya 13 ya muhula. Vimbweta, zile meza za nje za kujisomea, vimejaa, kumbikumbi wanazunguka taa za nje, na kila meza ina chupa ya enegi iliyobaki nusu. Muulize yeyote pale kwa nini halali, atakuambia ana msongo wa mawazo: UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, inakaribia, kuna sapu (mtihani wa marudio) ya mwaka jana, bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, limechelewa. Muulize kwa nini ana msongo, atakuambia hajalala vizuri tangu wiki iliyopita. Majibu yote mawili ni ya kweli, na hapo ndipo wengi wanaponasa.

Mwongozo huu unaukata mzunguko huo upande wa usingizi. Ada hutaimaliza leo usiku na ratiba ya mitihani huipangi wewe, lakini saa ya kuamka iko mkononi mwako. Tena kuna ushahidi. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 vya Uingereza, wote wakiwa na shida ya kukosa usingizi. Kundi moja lilipewa mafunzo ya mtandaoni ya kurekebisha usingizi, lingine halikupewa. Waliofundishwa walilala vizuri zaidi, na dalili zao za wasiwasi, huzuni na kushuku watu zikapungua pia, ingawa mafunzo yenyewe yalihusu kulala tu. Hatua nyingi zilizomo humu zimetoka kwenye tiba ya aina hiyohiyo, ila zimepangwa kwa mtu anayeishi chumba cha watu wanne na dabodeka (vitanda vya ghorofa) mbili.

Usingizi unavyofanya kazi

Vitu viwili vinakulaza. Cha kwanza ni deni: tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo, na kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyozidi kukuvuta ulale. Cha pili ni saa ya mwili, inayojipanga upya kila siku kwa mwanga wa asubuhi na kuamua joto la mwili lishuke lini na lipande lini. Ukikosa usingizi, jiulize kwanza: deni halijatosha, au saa imehama? Aliyelala mchana masaa mawili hana deni. Aliyeamka saa 5 asubuhi Jumapili amehamisha saa, kwa hiyo Jumapili usiku atakodolea macho dari, kisha Jumatatu ataingia lekcha ya saa 1 akiwa hoi.

Msongo unavipita vyote viwili, deni na saa. Kwa kawaida homoni ya msongo, iitwayo kortisoli, hushuka jioni, ikawa chini kabisa karibu na usiku wa manane, halafu ikaanza kupanda kuelekea alfajiri. Mtu mwenye hofu, mwili wake unabaki kwenye ulinzi: moyo unakwenda mbio, mabega yamekaza, akili inapiga hesabu za madeni. Amechoka, ila halali. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha, na aliyewahi kusubiri majibu ya rufaa ya mkopo anajua usiku huo ulivyo.

Kesho yake ubongo usiolala unasoma kila kitu kama tishio. Ujumbe mfupi wa mzazi unaonekana wa ukali, ukimya wa rafiki unaonekana dharau. Tena usingizi mzito wa kurudisha nguvu hutokea zaidi masaa ya mwanzo, na usingizi wa ndoto, wenye uhusiano na kutuliza hisia, hujaa masaa ya mwisho. Anayejikata kila siku kwa alamu ya saa 10 alfajiri anapoteza zaidi fungu hilo la pili, kisha anashangaa kwa nini anakasirika ovyo.

Wiki ya 1: pima kabla ya kugusa chochote

Usianze na mabadiliko. Chukua daftari, na kila asubuhi kabla ya kushika simu andika mambo sita: saa uliyopanda kitandani, saa uliyoamua kulala, makadirio ya dakika ulizochukua mpaka usingizi ukaja, jumla ya dakika ulizokaa macho katikati ya usiku, saa uliyoamka mara ya mwisho, na saa uliyotoka kitandani. Pembeni andika kahawa au enegi uliyokunywa na saa yake, na kama ulilala mchana. Usitazame saa usiku ili upate namba sahihi. Makadirio yanatosha, na kutazama saa kunaamsha.

Mfano wa usiku mmoja. Umepanda kitandani saa 4:30 usiku ukaperuzi simu, ukaiweka pembeni saa 5:00. Usingizi umekuja baada ya dakika 70, yaani saa 6:10. Katikati umeamka mara mbili, jumla dakika 40. Umeamka kabisa saa 11:30 alfajiri, ukatoka kitandani saa 12:30 asubuhi. Muda wa kitandani ni masaa 8, sawa na dakika 480. Muda wa kulala ni kuanzia 6:10 hadi 11:30, yaani dakika 320, toa 40, zinabaki 280. Gawa 280 kwa 480, zidisha kwa 100: asilimia 58. Hiyo ndiyo asilimia yako ya kulala. Ikifika 85 na kuendelea, kitanda kinafanya kazi yake. Ikiwa 58, karibu nusu ya usiku unakaa gizani ukipambana.

Siku ya saba tafuta wastani wa masaa uliyolala na wastani wa asilimia. Siku hiyohiyo jipime hali ya ustawi kwa maswali matano ya Shirika la Afya Duniani, yajulikanayo kama WHO-5. Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi ulikuwa mchangamfu; ulikuwa mtulivu; ulijisikia una nguvu za kufanya mambo; uliamka umepumzika; na siku zako zilijaa mambo yanayokuvutia? Kila swali lina alama 0 (si hata mara moja) hadi 5 (muda wote). Jumla ya juu ni 25. Ukipata chini ya 13, hali yako inastahili kuangaliwa na mtaalamu, usibaki na mwongozo huu peke yake. Angalia pia kwamba swali moja kati ya matano ya ustawi linauliza jinsi unavyoamka.

Njia panda: wewe ni wa kundi gani?

Hapa ushauri mwingi wa mitandaoni unakosea, kwa sababu unawapa dawa moja watu wenye magonjwa mawili.

Kundi la kwanza ni wasiotoa nafasi ya kulala. Daftari lao linaonyesha masaa 5 kitandani, wanalala ndani ya dakika tano, asilimia yao ni 90 na zaidi. Wanasifiwa kwamba wanalala kama gogo, kumbe wana deni kubwa. Hawa hawana ugonjwa wa usingizi, wana ugonjwa wa ratiba. Mtu mzima anahitaji angalau masaa 7, na wa miaka 18 hadi 25 hupendekezewa 7 hadi 9. Dawa yao ni kuongeza muda: kila baada ya siku tatu, panda kitandani dakika 20 mapema kuliko ulivyozoea, mpaka ufike masaa 7 na nusu. Hatua ya kubana muda wa kitandani, ya wiki ya 3 hapo chini, haiwahusu, na wakiifuata watajiumiza.

Kundi la pili wanatoa nafasi, ila usingizi hauji. Masaa 8 kitandani, 5 na kitu ya kulala, asilimia chini ya 80. Wao ndio wanaohitaji hatua zote zinazofuata.

Wiki ya 2: saa ya kuamka, kisha kitanda

Kila mtu anapenda kuanza na saa ya kulala. Huwezi kuuamrisha usingizi uje, lakini kuamka unaweza. Chagua saa moja ya kuamka kwa siku zote saba. Angalia lekcha yako ya mapema kuliko zote, toa dakika 75 za kuoga, chai na kutembea, na hiyo ndiyo saa yako. Kwa wengi itaangukia saa 11:45 alfajiri au saa 12 asubuhi. Mwislamu anayeamka kwa swala ya alfajiri tayari ana nanga: aifanye ndiyo saa ya kuamka, au kama anarudi kulala baada ya swala, aandike vipande vyote viwili kwenye daftari na amalize kipande cha pili kwa saa ileile kila siku.

Ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka, toka nje dakika 20 hadi 30. Taa ya chumbani hutoa lux (kipimo cha mwanga) mia moja hadi mia tatu hivi. Nje, hata kukiwa na mawingu, ni maelfu, na jua likitoka ni makumi elfu. Macho yanahitaji kiasi hicho ili saa ya mwili ijifunge. Kunywa chai barazani, au tembea kwenda darasani badala ya kupanda boda. Huku kwetu karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima, jambo ambalo mwanafunzi wa kaskazini mwa Ulaya angelilipia.

Wikendi ndipo wengi wanaposhindwa. Ruhusa ni dakika 60 tu zaidi ya saa yako ya kawaida. Kama ulikuwa kwenye sherehe Jumamosi ukalala saa 9 usiku, amka saa 1 asubuhi, vumilia, kisha lala dakika 20 mchana. Jumapili usiku utalala kama mtoto.

Sasa kitanda. Kanuni ni fupi: kitanda ni cha kulala. Ubongo hujifunza kwa mazoea, na ukikifanya kitanda kuwa maktaba, sinema, mgahawa na mahali pa kuwaza ada, utapanda na mwili utajiandaa kwa kazi. Shida ni kwamba hosteli nyingi kitanda ndicho kiti pekee. Tengeneza mpaka. Mchana tandika kanga au shuka ya rangi nyingine juu ya godoro, kaa upande wa miguuni ukiegemea ukuta, mto uweke kabatini. Usiku toa kanga, rudisha mto, lala upande wa kichwani. Inaonekana ya kitoto, lakini ishara za aina hiyo ndizo ubongo unazozishika. Kusoma kwa muda mrefu kupeleke kwenye kimbweta au maktaba.

Ukipanda na usingizi usije kwa muda unaohisi ni kama dakika 20, shuka. Kaa kwenye ndoo iliyofunikwa, kwenye ngazi za korido, popote penye mwanga hafifu, ufanye kitu kisicho na mwisho mtamu: kukunja nguo, kusoma kurasa za kitabu kinachochosha. Rudi kope zikianza kuwa nzito. Kama bado, shuka tena. Usiku wa kwanza unaweza kushuka mara nne na ukawachukia walioandika hii. Kufikia usiku wa tano au wa saba idadi hupungua. Anayelala deka ya juu achague shughuli ya kukaa kitako upande wa miguuni, ili kupanda na kushuka kusimwamshe wa chini.

Wiki ya 3: kubana dirisha la usingizi (kundi la pili tu)

Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote na ndiyo inayoogopwa. Chukua wastani wa masaa uliyolala kwenye daftari, ongeza dakika 20 au 30, na muda huo uwe ndio wote unaoruhusiwa kuwa kitandani. Usishuke chini ya masaa 5 na nusu, hata kama daftari linasema 4.

Tuseme wastani wako ni masaa 5 na dakika 40. Dirisha liwe masaa 6. Saa ya kuamka ni 12 asubuhi, basi hupandi kitandani kabla ya saa 6 usiku, hata ukisinzia saa 3. Deni linajaa, ukipanda unazama, na kitanda kinaanza kuhusishwa tena na kulala. Kila baada ya siku saba piga hesabu. Asilimia ikiwa 85 au zaidi, ongeza dakika 15 kwa kupanda mapema: saa 5:45. Ikiwa kati ya 80 na 85, baki hapo. Ikiwa chini ya 80, punguza dakika 15, ukiheshimu kile kikomo. Endelea hivyo wiki ya 4 na baada yake, mpaka ufike mahali unaposhinda mchana bila kusinzia.

Siku nne hadi saba za mwanzo utachoka kuliko kawaida. Kwa hiyo usianze wiki ya testi wala ya UE. Anza mwanzoni mwa muhula au likizoni. Siku hizo usiendeshe pikipiki wala gari. Mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo huchelewa kuitikia mambo kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Na hatua hii ni marufuku kwa mwenye kifafa au aliyewahi kuambiwa ana ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, kwa sababu kukosa usingizi kunaweza kuchochea vyote viwili. Mjamzito na mwenye maradhi ya kudumu wamuulize daktari kwanza.

Enegi, kahawa na vinginevyo

Kafeini haikupi nguvu. Inakalia viti vya adenosini kwenye ubongo ili usisikie deni, na ikiondoka deni lote linaingia kwa pamoja. Nusu yake hubaki mwilini baada ya masaa 5 hivi. Kopo la enegi la mililita 250 kwa kawaida lina miligramu 80. Ukinywa mawili saa 1 usiku, saa 6 usiku bado una 80, ni sawa na umepandia kitandani na kopo zima. Chupa za plastiki za kiosk hutofautiana: soma lebo, tafuta miligramu kwa kila mililita 100, zidisha. Kikombe cha chai ya rangi kina kama 30 hadi 50, kwa hiyo chai ya saa 2 usiku nayo inahesabika. Kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni miligramu 400 kwa siku. Kikomo cha saa ni masaa 8 kabla ya kulala: anayelala saa 5 usiku, mwisho wake saa 9 alasiri.

Mirungi inafanya kazi kwa njia nyingine na ni mbaya zaidi kwa usingizi: inaamsha mwili mzima, inaua njaa, na siku ya pili inaacha huzuni. Pombe inakulaza haraka, kisha nusu ya pili ya usiku inakukatakata. Vidonge vya mafua na aleji ambavyo wanafunzi huvimeza ili walale huacha kichwa kizito asubuhi, na baada ya siku chache mwili unavizoea. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, bila cheti cha daktari usiiguse.

Chumba: joto, mbu, kelele, wenzako

Ili ulale, joto la ndani ya mwili lazima lishuke. Dar es Salaam mwezi wa Februari, kwenye deka ya juu chini ya bati, halishuki. Kama kuna nafasi, hamia chini, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Oga maji ya kawaida saa moja kabla ya kulala. Maji baridi sana hubana mishipa ya ngozi na kuzuia joto kutoka. Chandarua hupunguza upepo wa feni, lakini usikiache, maana mbu wa malaria huuma usiku. Kifunge pembe nne kikae kama sanduku, pindo ziingie chini ya godoro, na feni ielekezwe ubavuni mwa kitanda badala ya juu. Chandarua cha duara kinacholala juu ya mwili kinaleta joto, na mbu anauma kupitia matundu. Mwenzetu wa Iringa au Mbeya ana shida kinyume: avae soksi, kwa sababu miguu ya baridi huchelewesha usingizi.

Kelele zina dawa ya bei ndogo: vizibo vya masikio vya sponji. Wengi wanavisukuma tu vinachomoka. Viringisha kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti ya kiberiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kivimbe. Osha kwa sabuni kila wiki. Alamu iweke kwenye mtetemo chini ya mto.

Wenzako chumbani waite mkae dakika kumi, mchana, siku ambayo hakuna aliyekasirika. Mkubaliane mambo matatu tu: taa kubwa inazimwa saa ngapi, simu zinaongelewa wapi baada ya hapo, na alamu inalia mara moja ama inaahirishwa mara sita. Andika, bandika nyuma ya mlango. Mkiwa mmebebana wawili kwenye kitanda cha futi tatu, laleni mzungu wa nne na kila mmoja awe na shuka lake. Kugombania shuka moja kunawaamsha wote bila hata kukumbuka asubuhi.

Simu: shida kubwa ni kilichomo kuliko mwanga wake. Kundi la darasa linalotangaza matokeo saa 5 usiku linaamsha kuliko kioo chochote. Nyamazisha makundi yote kuanzia saa 3:30, chaji simu mbali na mkono, na ukiirudisha chini ya mto iwe kwa alamu tu.

Kuyatoa mawazo kichwani kabla hayajapanda kitandani

Mawazo yanakuja usiku kwa sababu mchana hukuyapa nafasi. Yape. Saa 1 au saa 2 usiku, dakika 15, karatasi yenye safu mbili. Kushoto jambo, kulia hatua ya kwanza ya kesho, iwe ndogo na yenye saa. Si "ada", ila "ada: bado laki tatu", na kulia "saa 3 asubuhi niende kwa afisa mikopo na namba ya usajili, niulize tarehe ya malipo". Si "mradi", ila "sura ya pili haijaanza", na kulia "saa 10 jioni, aya moja, kimbweta cha nyuma ya maktaba". Jambo lisilo na hatua, kama ugonjwa wa mzazi, liandikie tu "nitapiga simu nyumbani saa 1 jioni". Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliona kwamba walioandika orodha ya kazi za mbele kwa dakika 5 kabla ya kulala walisinzia haraka kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza, na kadiri orodha ilivyokuwa na undani ndivyo walivyosinzia mapema.

Kitandani, kama mwili bado umekaza, anza miguuni: kaza vidole sekunde 5, achia sekunde 15, panda goti, paja, tumbo, viganja, mabega, uso. Kisha pumua: vuta hesabu ya 4, toa hesabu ya 6, dakika tano. Usifanye hivyo ili ulale. Ukiupima usingizi kila baada ya pumzi tatu unakimbia.

Wiki ya mitihani

Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliwafuatilia wanafunzi wa somo la kemia kwa muhula mzima, matokeo yakatoka 2019. Usingizi wa usiku mmoja kabla ya mtihani haukuhusiana na alama. Kilichohusiana ni usingizi wa wiki na mwezi kabla yake, pamoja na kulala kwa saa zisizobadilika. Maana yake ni mbili. Ukikosa usingizi usiku wa kuamkia pepa, usipaniki, si mwisho wa dunia. Na kulala sana usiku huo mmoja hakufidii mwezi wa kukesha.

Kama msuli, yaani kusoma kwa bidii, umechelewa na lazima ukate usingizi, kata mwanzo au mwisho, usivunje katikati, na usishuke chini ya masaa 5. Madesa (maelezo ya masomo) mapya yasomwe mpaka saa 4 usiku, baada ya hapo pitia tu unayoyajua. Chakula kizito, chipsi mayai kwa mfano, kiliwe masaa mawili au matatu kabla ya kulala, la sivyo kiungulia kitakuamsha. Lakini usilale na njaa, ndizi moja au uji unatosha. Kulala mchana ni dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri, alamu weka dakika 25. Ukipitisha nusu saa unaamka na kichwa cha jiwe. Wakati wa Ramadhani, ambapo daku inaukata usiku, lala mapema baada ya tarawehe na uitumie qailula ya mchana vizuri. Hapo hata dakika 60 hadi 90 zinaruhusiwa.

Ukikesha usiku mzima, asubuhi yake usishike usukani mwenyewe, lala dakika 90 mchana, kisha usiku panda saa yako ya kawaida. Usilale kuanzia saa 10 jioni mpaka kesho, utaihamisha saa.

Ni lini hospitali

Nenda zahanati ya chuo au kitengo cha unasihi kama kukosa usingizi kumetokea usiku 3 au zaidi kwa wiki kwa miezi 3, kama wiki nne za mwongozo huu zimepita bila nafuu, kama wenzako wanasema unakoroma na pumzi inakatika, au kama huzuni imekaa wiki mbili na umeacha kupenda uliyoyapenda. Kulala masaa matatu huku ukijisikia una nguvu za ajabu, unaongea kwa kasi na kutumia hela ovyo, nenda upesi. Mawazo ya kujiua hayangoji miadi: mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, na muende pamoja hospitali usiku huohuo.

Beba daftari lako, kurasa za wiki mbili za mwisho, na orodha ya dawa unazotumia. Baadhi, kama prednisolone au dawa za pumu, zinaweza kuwa ndizo zinazokukesha, na mara nyingine kubadilisha tu saa ya kumeza kunatosha.